Siku nane Uganda, nikiutafuta uyoga uliotulaza hospitali

Nimerudi Bukoba wiki mbili zilizopita. Haya nimeyaandika kutoka kwenye daftari lililolowa kurasa mbili na picha za simu ya mdogo wangu Koku, ambaye hupiga picha chakula kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mkiona nazungumzia sana habari za kula mjue sababu. Bei ni za shilingi ya Uganda, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

Sababu ya safari kwanza. Aprili mwaka huu Mama alichuma uyoga mweupe, mpana kama sahani, kwenye nyasi za kiwanja cha jirani. Akaupika na kijiko cha fedha alichorithi kwa bibi kikiwa ndani ya sufuria, maana alifundishwa kwamba uyoga wa sumu hukifanya kijiko kiwe cheusi. Kijiko kilitoka kinang'aa. Tukala watu wanne. Saa mbili baadaye sote tulikuwa tunagombea choo kimoja, na usiku wa manane tukatundikiwa dripu mpaka kukapambazuka. Tulipona. Ila Mama hadi tunaondoka alikuwa anasema waliotulaza ni dagaa.

Shangazi yetu ameolewa Uganda zaidi ya miaka thelathini. Nilipomsimulia kwenye simu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Njooni mkae na mama mkwe wangu. Huyo mzee anaujua uyoga kuliko anavyonijua mimi."

Nikafunga duka.

Siku ya 1: Jumamosi, 9 Novemba 2024. Bukoba hadi Kampala

Tulitoka stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa Coasta, Sh 7,000 za Tanzania kila mmoja. Mutukula tulifika mapema, tukapoteza pale karibu saa nzima kwa sababu ya Koku. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano aliiweka "mahali salama", na mahali hapo akapasahau. Tulimwaga begi lote sakafuni. Mama mmoja aliyekuwa na furushi la vitenge akatushikia nguo za ndani kwa heshima kubwa, amegeuzia uso pembeni, mpaka kadi ikapatikana katikati ya kitabu cha sala. Hakutaka hata soda.

Kwa atakayepita: kadi ya manjano iwe pamoja na pasipoti. Pesa badilisha kidogo tu ya kukufikisha Masaka, na ihesabu ukiwa bado mbele ya anayekubadilishia.

Mutukula hadi Masaka taksi (ndivyo wanavyoita matatu) ilikuwa 15,000, tumebanana wanne kwenye kiti cha watatu. Masaka hadi Kampala 20,000. Lukaya gari lilisimama, na kabla halijatulia madirisha yalikwishajaa mishikaki, gonja (ndizi) ya kuchoma na muhogo. Gonja ilikuwa 1,000 moja. Ya Lukaya ina ukungu wa moshi na utamu unaonata kwenye meno. Koku alikula tatu. Ikweta pale Kayabwe tuliipita tukiwa tumelala.

Foleni ya kuingia Kampala ilianzia Kyengera na kutula saa moja na nusu. Gesti karibu na stendi, chumba cha watu wawili, 50,000, maji ya moto hakuna.

Neno kuhusu lugha. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini ukimsemesha konda wa Kampala atakujibu kwa Kiingereza huku akikutazama kama askari aliyevaa kiraia. Wazee wanakihusisha na kambi za jeshi. Anza na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi), kisha endelea na Kiswahili chako polepole. Watu hulegea.

Siku ya 2: Jumapili, 10 Novemba. Entebbe

Taksi ya Entebbe 5,000. Kabla ya kupanda Koku alinunua bangili kwenye meza ya vitu vya mikono: mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja ina doa jeusi upande mmoja, zimetobolewa na kupitishwa uzi. Alilipa 8,000, zawadi ya mtoto wa kaka yetu ambaye ndio kwanza anaota meno.

Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa 1898, inateremka hadi ufukwe wa Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunaloliona sisi Bukoba kutoka upande wa pili. Mbega walikuwa juu ya miti wanatudondoshea maganda. Tukampata kijana wa kutembeza wageni aliyekulia Busia, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamwambia sitaki majina ya miti mikubwa, nataka vya kuua.

Hakucheka. Alitazama mkono wa Koku. "Tuanze na hicho ulichovaa."

Ni mtipitipi. Mmea wa kutambaa, majani madogo madogo kama ya mkwaju, ganda likikauka linapasuka na kuonyesha mbegu. Ganda la mbegu ni gumu sana. Mtoto akimeza mbegu nzima mara nyingi hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa, sumu iliyomo ndani ipo wazi. "Na hizi zote zina tundu," akasema, akiigeuza bangili juani. Alituonyesha tundu la sindano kwenye kila mbegu, na mbegu mbili zilizopasuka kabisa. Tulizihesabu: thelathini na saba. Koku aliivua kama anayevua nyoka. Tukamwachia kijana, naye akaiweka kwenye chupa anayowaonyeshea wageni.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kunitisha. Mbarika pembeni ya njia, ule ule wa mafuta ya kuharisha, mbegu zake zina madoa kama kupe aliyeshiba. Tarumbeta kubwa za maua zinazoning'inia, ndugu wa mnanaha, mmea mwingine wa sumu, ambazo watu hupanda mlangoni kwa ajili ya harufu ya jioni. Na uzio wa maua ya njano yenye majani membamba, thevetia, ambao niliuona nje ya nyumba nyingi barabara nzima ya Entebbe: kila sehemu yake ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Nikauliza kwa nini basi watu wanaupanda. "Mbuzi hawauli," akasema.

Kuhusu uyoga alikiri si fani yake, lakini alinifundisha jambo moja lililokuja kutufaa: kata kofia ya uyoga, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli, acha mpaka asubuhi. Unga wa mbegu utadondoka na kuchora alama. Rangi ya alama hiyo ni ushahidi ambao macho hayauoni kwenye uyoga wenyewe. "Lakini haikuambii kama unalika," akasisitiza. "Ule unaoua kabisa alama yake ni nyeupe, na mwingine mtamu nao ni nyeupe."

Akanipa namba yake. Tulimpa 30,000, akarudisha 5,000 akisema ni nauli yetu.

Siku ya 3: Jumatatu, 11 Novemba. Mukono

Taksi hadi Mukono mjini 4,000, kisha boda 6,000 kuelekea upande wa barabara ya Kayunga. Mvua ilitunyeshea njiani, dereva wa boda akatuingiza kwenye kibanda cha kinyozi na kukaa nasi dakika arobaini bila kudai nyongeza.

Shangazi alitupokea kwa kelele. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba wanangu, mmekonda, Bukoba hakuna ndizi?" Kisha akatupeleka kwa Jjajja, mama mkwe wake. Tulipiga magoti kumwamkia, kama kwetu, na uani pale palikuwa tope. Jjajja ana miaka themanini na kitu, Kiswahili chake ni maneno kama ishirini, mengi ya kufokea, kwa hiyo mengine yote hapa yamepita kinywani mwa Shangazi.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinichanganya. Jjajja ni wa ukoo wa Butiko, yaani uyoga, na Muganda hali kile ambacho ni mwiko wa ukoo wake. Huu ndio ukoo wa ngoma ya amaggunju, iliyobuniwa kumtuliza Kabaka Mulondo, mfalme wa Buganda aliyeketishwa kwenye kiti cha enzi akiwa mtoto mchanga. Kwa hiyo mtu niliyesafiri siku tatu kumfuata hajawahi kuonja uyoga maishani mwake. Mama yake mzazi alikuwa wa ukoo mwingine, ndiye aliyemtuma msituni tangu utotoni. Yeye anachuma na kuchambua. Kupika na kula anawaachia wakwe na wajukuu.

"Ndiyo maana anajua," Shangazi akanong'ona. "Hana tamaa nao."

Chakula cha jioni: matoke, na mchuzi wa karanga. Uyoga hapana, tulisubiri mvua ifanye kazi yake usiku.

Siku ya 4: Jumanne, 12 Novemba. Kichuguu

Saa kumi na mbili na robo tulikuwa nyuma ya migomba. Karibu na kichuguu ardhi ilikuwa imegeuka nyeupe, kana kwamba mtu amemwaga punje za mahindi: viyoga vidogo sana, kofia isiyozidi kidole gumba, mamia kwa mamia. Wanaviita obubaala. Hivi huota kwenye masalia ya bustani ya mchwa. Mchwa hulima kuvu huko chini kwa ajili ya chakula chao, na kuvu hao mvua ikija huchomoza na kuwa uyoga. Aina nyingine kubwa za jamii hiyo zina mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye kiota, na kofia iliyochongoka katikati kama chuchu. Jjajja alinichimbulia mmoja kwa kijiti, taratibu, mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko, na mzizi ulikuwa bado unaendelea kushuka. "Ukikatika juu juu, hujui umeshika nini," akasema.

Kisha tukakaa kuchambua kwenye jani la mgomba, na hapa ningependa kwenda polepole.

Nilitegemea mafungu mawili, wa kula na wa sumu. Jjajja hakuwa na fungu la sumu. Alikuwa na fungu la wa kula, na la pili aliloliita neno moja, Shangazi akalitafsiri: "siujui". Alichukua kila kiyoga, akakigeuza, akatazama chini ya kofia ambako vijitando vimepangana kama kurasa za kitabu, akasugua shina kwa ukucha, akanusa. Wenye pete shingoni ambao hakuuzoea: siujui. Wenye kikombe chini ya shina, kama yai lililopasuka: siujui, na huo aliusukuma kwa kijiti badala ya mkono. Uliooza nusu ingawa ni wa aina aijuayo: siujui. Mwisho fungu la siujui lilikuwa kubwa kuliko lingine, na lilitupwa chooni ili kuku na watoto wasiliokote.

Nikamuuliza kuhusu kijiko cha fedha. Shangazi aliposema, wakwe wote wakaangua kicheko, lakini Jjajja aliuliza kwa makini kijiko kina uhusiano gani na uyoga. Sikuwa na jibu. Na hakuna jibu. Kijiko hakijui chochote. Vivyo hivyo kitunguu kinachodaiwa kubadilika rangi, na ile ya kwamba ukiliwa na konokono basi na mtu ataweza. Konokono hula uyoga ambao ungemmaliza mtu mzima.

Yeye anazijua aina nne. Nne tu, kwa majina yake, mahali pake na majira yake. Chini ya misonobari iliyopandwa kule mlimani haendi kabisa, kwa sababu miti hiyo ni migeni na uyoga wake ulikuja nayo. Mama yake hakumwonyesha. Nikamfikiria Mama yangu, aliyejifunza uyoga kwenye vichuguu vya Karagwe akiwa binti, halafu akautumia ujuzi ule kwenye nyasi za mjini Bukoba. Ujuzi wa uyoga hauhami na mtu.

Mchana tulikula obubaala kwenye luwombo, umefungwa ndani ya jani la mgomba na karanga zilizosagwa, ukapikwa kwa mvuke. Ladha ni kama supu ya kuku aliyelishwa karanga. Jjajja alikaa pembeni na chai yake akitutazama tunavyolamba vidole. Nilikula kwa hofu mpaka tonge la tatu, kisha hofu ikaisha.

Jioni tukapita uwanja wa kanisa. Koku akasimama ghafla. "Dada! Ndio huu!"

Kwenye nyasi zilizofyekwa palikuwa na duara la uyoga mweupe, minene, mipana kama sahani, kofia zina magamba ya kahawia katikati. Kumbukumbu yangu ya harufu ya sufuria ile ikanirudia, na tumbo likajikunja lenyewe. Jjajja aliutazama kwa mbali. "Siujui. Huo hauna kichuguu, una nyasi."

Nilichuma mmoja kwa mfuko wa nailoni. Pete shingoni, inapanda na kushuka ukiisukuma. Vijitando chini vilikuwa vyeupe safi, bila dalili yoyote ya ubaya. Nikaulaza kofia yake juu ya karatasi ya daftari, na kando yake ule mkubwa wa kichuguu juu ya karatasi nyingine. Nikafunika kila mmoja kwa bakuli na juu ya bakuli nikaweka tofali, na nikawaambia watoto wa nyumba kwamba atakayegusa atalala chini ya kitanda changu.

Siku ya 5: Jumatano, 13 Novemba. Alama ya kijani, kisha Mbale

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilifunua kwa tochi ya simu. Chini ya uyoga wa kichuguu: alama ya malai inayoelekea pinki, mistari myembamba kama miale ya jua. Chini ya uyoga wa kanisani: kijani. Kijani kilichofifia, kama unga wa majani ya mlonge. Nilipaka kidogo kidoleni kuhakikisha siyo mwanga wa tochi. Nikanawa mikono mara tatu.

Kijana wa Entebbe alipotumiwa picha alijibu baada ya dakika kumi, akiwa amemuuliza mwenzake anayesoma mambo hayo: Chlorophyllum molybdites. Huota kwenye nyasi zilizotunzwa, nchi nyingi za joto. Ukiwa mchanga vijitando vyake ni vyeupe. Kijani huja ukikomaa, na hapo ndipo watu wanapoponzwa, maana wengi huuchuma ukiwa bado mzuri. Husababisha kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa moja hadi tatu. Saa mbili zetu zilikuwa katikati kabisa.

Jjajja aliishika karatasi ya kijani, akaiambia kitu, Shangazi akacheka: "Anasema sasa ana aina ya tano anayoijua."

Alama zile nilizihifadhi ndani ya bahasha. Kwa atakayejaribu: usiguse unga, usipulizie, karatasi iwe kavu kabisa, na bakuli lisirudi jikoni kabla ya kuoshwa.

Nikiwa bado pale naomba niitaje vanila. Nyuma ya nyumba ya Shangazi mivanila imepandishwa juu ya vijiti vilivyochipua, na vijiti hivyo ni mbono kaburi, wao wanauita kirowa. Mbegu zake zina utamu wa karanga. Mtoto hula mbili tatu, kisha hutapika mpaka anazimia. Shangazi alisema kila mwaka kuna mtoto wa jirani. Huku kwetu tunaupanda kuzunguka makaburi na uzio.

Tuliagana saa tatu. Taksi hadi barabara kuu, basi la Mbale 25,000, likasimama Najjembe kando ya msitu wa Mabira, ambako kuku kwenye kijiti alikuwa 10,000 na wauzaji huja mbio wamevaa aproni zenye namba. Daraja jipya la Nile pale Jinja Koku alilipiga picha, ya kwanza isiyo ya chakula. Baada ya Iganga tairi likapasuka. Saa mbili na nusu kando ya mpunga wa Tirinyi, hakuna kivuli.

Faida ya tairi ilikuwa jirani yangu wa kiti, muuguzi kutoka Kasese anayekwenda kumwona dada yake. Alitugawia mkate na yai. Nilipomwambia habari yangu aliuliza swali moja: "Mlianza kutapika baada ya muda gani?" Nikasema saa mbili. "Basi mlikuwa na bahati. Anayenitisha mimi ni anayekuja baada ya saa nane, kumi, kumi na mbili." Akaeleza kwamba kuna uyoga ambao sumu yake hukaa kimya kwanza, kisha mgonjwa anaharisha, kisha siku ya pili anaonekana amepona na anaomba kurudi nyumbani, na wakati huo ini linakufa. Kupika hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyatamka: usimtapishe mtu kwa chumvi, usitegemee maziwa, kimbia hospitali, na chukua mabaki, ya chakula, ya maganda, hata matapishi.

Alisimulia pia ya Kasese, Septemba 2017: watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa unga wa muhogo uliokuwa na sumu nyingi ya sianidi, wengine wakiwa msibani. Tangu hapo unga wa muhogo hanunui bila kuuliza umetoka wapi na umelowekwa siku ngapi. "Muhogo nimekua nao," akasema. "Ndio ulioniogopesha zaidi."

Mbale tuliingia usiku. Gesti 40,000, safi, na maji ya moto hatimaye. Na huku Kiswahili kinakwenda bila breki: mhudumu, mpishi, mlinzi, wote.

Siku ya 6: Alhamisi, 14 Novemba. Sipi

Taksi hadi Sipi 12,000, barabara nzuri, inapanda kwa kona, ukungu unaingia dirishani. Maporomoko ni matatu. Tuliona yote, tukalowa, na sitaeleza zaidi kwa sababu picha za watu wengine ni nzuri kuliko za Koku.

Nitaeleza vichaka viwili. Mwenyeji wetu wa njia, Msabinyi wa kabila la huko, alisimama kwenye mteremko mkavu na kututafunisha tunda jeusi dogo la muyonza: tamu, linanata, utomvu mweupe. Hatua thelathini mbele kichaka kingine, majani yale yale mazito yanayong'aa, maua meupe yenye harufu ile ile, utomvu mweupe. Koku akanyoosha mkono, mwenyeji akaudaka.

"Shika tawi. Kuna miiba?"

Hakukuwa na miiba. Muyonza una miiba mikali, huu hauna. Huu ndio msunguti, mti wa sumu ya mishale, ambayo huchemshwa kutoka kwenye mti na magome hadi iwe kama lami. Huuvuruga moyo. Alitueleza kuna panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu anayetafuna magome ya mti huu na kujipaka mate yake ubavuni, mbwa akimng'ata anajuta. Nilidhani ni hadithi za watalii. Nimekuja kuthibitisha baadaye, ni kweli tupu. Matunda ya msunguti yaliyoiva watu wengine huyala. Mabichi yana sumu. Mimi nimeamua kuwa na fungu la siujui.

Usiku Mbale tulikula malewa, machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi, yakachemshwa na kupikwa kwa karanga. Sahani 7,000. Machipukizi mabichi yana uchungu wa sianidi. Moshi na maji yanayomwagwa ndivyo vinavyoyafanya chakula. Mfanyabiashara wa nafaka aliyekaa meza yetu alituhadithia habari ya Karamoja, 2019, chakula cha msaada kilichochanganyika na mbegu za mnanaha: wagonjwa karibu 300, watano walifariki. Tangu hapo soya yake anaipepeta mwenyewe. Mbegu za mnanaha ni ndogo, nyeusi, zina umbo la figo, na aliwahi kupata ngumi nzima kwenye gunia moja.

Siku ya 7 na ya 8: Ijumaa na Jumamosi. Kurudi

Mbale hadi Kampala hakuna la kusema. Jumamosi basi la moja kwa moja hadi Bukoba. Mpakani ofisa alifungua bahasha yangu, akatazama karatasi ya kijani, akatazama uso wangu. Nilimweleza. Akamwita mwenzake, nikaeleza tena, wa tatu akaja, nikaeleza tena, na mwisho wakaniuliza kama uyoga wa kwenye nyasi za ofisini kwao ni huo huo. Sikuujua. Nikawaambia hivyo. Kumbuka mimea mibichi, mbegu na miche huvushi bila kibali, karatasi walinirudishia.

Safari nzima, watu wawili, ilitugharimu kama 900,000, ukiacha zawadi.

Nyumbani Mama alikuwa anachagua mchele. Nilimwekea karatasi mbili mezani, ya pinki na ya kijani, nikamsimulia kuanzia uwanja wa kanisa hadi tairi. Hakunikatiza. Alikwenda na karatasi ya kijani dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu.

"Basi dagaa hawakuwa na kosa," akasema, akarudi kwenye mchele wake.